Mmebaki sita, wanalipwa watano, mkononi unasubiri kopa moja: unaweka zote au unatupa?

#1 Kijana wa Barani
Salaam wanajamvi. Nina swali lililoninyima usingizi tangu Ijumaa, na nalileta hapa kwa sababu humu wamo wajuzi wa hesabu na wamo waliozeeka na karata mkononi.

Usiku huo tulicheza mashindano ya poka katika ukumbi wa hoteli moja hapa Malindi. Tuliingia watu 30, kila mmoja akatoa shilingi 2,000 na kupewa chipu 10,000, na shilingi 60,000 zilizokusanywa zikapangwa kulipwa watano wa mwisho: 24,000, 15,000, 10,000, 6,500 na 4,500. Anayetoka wa sita haambulii hata nauli ya tuktuk. Ilipofika saa tano na nusu tulikuwa tumebaki sita. Mimi nilikuwa na chipu 41,000. Walionizidi walikuwa na 95,000, 62,000 na 54,000. Mmoja alikuwa na 39,000, na mzee aliyekaa pembeni yangu alikuwa amebakiwa na 9,000 tu, ilhali madau ya lazima, yale ambayo wachezaji wawili huyaweka kwa zamu kabla ya kuona karata, yalikuwa yamefika 1,000 na 2,000.

Dau kubwa la lazima lilikuwa langu. Bwana mwenye 95,000, aliyevaa kikoi cha kijani, akapandisha hadi 5,000 na wengine wote wakatupa. Niliinua pembe za karata zangu mbili nikaona ree ya kopa na kumi ya kopa, nikafuata. Zikafunuliwa tatu za mezani, ambazo ni za wote: mfalme wa kopa, sita ya kopa na tatu ya pau. Nikagonga meza kumpa nafasi yeye. Akalisukuma rundo lake lote mbele kwa kiganja kimoja, bila kulihesabu. Mezani palikuwa na 11,000 tayari, na ili nifuate ilinipasa niweke zangu zote zilizobaki, yaani 36,000.

Zilikuwa zimebaki karata mbili kufunuliwa. Kopa moja tu ikishuka, ninazo kopa tano, na hakuna kopa tano zinazoweza kuzishinda zangu. Isiposhuka, natoka mikono mitupu. Sisemi bado nilifanya nini, kwa sababu nataka kwanza kusikia ninyi mngefanya nini.

#2 Hesabu Safi
Ndugu Kijana wa Barani, swali lako lina jibu, wala halihitaji kukosa usingizi. Unaweka 36,000 ili uchukue rundo la 83,000 (11,000 za mezani, 36,000 zako na 36,000 zake), kwa hiyo unahitaji kushinda zaidi ya asilimia 43.4 ya nyakati ili usipate hasara. Kopa ni 13, umeziona nne, zimebaki tisa. Kama yule bwana ana mfalme mmoja na karata ya kawaida, ree tatu zilizobaki nazo zinakuokoa, kwa kuwa ree mbili huwashinda wafalme wawili, hivyo una karata 12 za kukunusuru na nafasi mbili za kuzipata. Hiyo ni kiasi cha asilimia 45. Unafuata, na ukitoka unatoka ukiwa umecheza sawasawa.

#3 Mchanga Karata
Namuunga mkono Hesabu Safi, ila asilimia ameipunja. Sisi mezani huzidisha karata za kunusuru kwa nne zikiwa zimebaki karata mbili, na kwa mbili ikiwa imebaki moja. Kumi na mbili mara nne ni 48. Mtu mwenye 48 katika 100 hatupi karata zake kwa sababu ya woga wa nauli.

#4 Hesabu Safi
Kanuni ya nne ni nzuri kwa haraka, lakini karata zikizidi nane huanza kutia chumvi. Ukisubiri kopa tisa peke yake, kanuni inakupa 36 na ukweli ni 35, jambo ambalo halina madhara. Ukifika 15, kwa mfano anayesubiri rangi (karata tano za alama moja) na mfuatano wazi (unaokamilika kwa upande wowote) kwa pamoja, kanuni inakupa 60 ilhali ukweli ni 54. Kwa 12 ukweli uko kati ya 45 na 46, nao bado unapita 43.4.

#5 Bi Mkadi
Nimesoma mpaka hapa kwa masikitiko, kwa kuwa kaka zangu wawili mmehesabu vizuri kitu ambacho hakikuulizwa. Mmehesabu chipu. Kijana wa Barani hatarudi Barani na chipu mfukoni; atarudi na shilingi au bila shilingi.

Nimefanya kazi ya mahesabu ya bima kwa miaka mingi, na njia ninayoitumia hapa ndiyo ile aliyoifafanua Mason Malmuth kule Marekani katika miaka ya 1980. Nafasi yako ya kuwa wa kwanza inachukuliwa kuwa sawa na sehemu yako ya chipu zote. Kisha unamwondoa wa kwanza na kurudia hesabu hiyo hiyo kwa wa pili, wa tatu na kuendelea, na kila nafasi unaizidisha kwa zawadi yake. Nimekaa nayo leo asubuhi na kalamu. Akitupa, anabaki na 36,000 katika 300,000, na thamani ya kiti chake ni takriban shilingi 9,100. Akifuata na kushinda, ana 83,000, na thamani yake ni takriban shilingi 13,800. Akifuata na kushindwa, ni sifuri.

Tazameni hapo. Chipu zimekuwa mara mbili na zaidi, lakini shilingi zimeongezeka kwa nusu tu. Ili kuhatarisha 9,100 kwa ajili ya 13,800 anahitaji kushinda nyakati 66 katika 100. Anazo 45. Kufuata kunampa kiti cha thamani ya shilingi 6,200 badala ya 9,100, na hizo 2,900 za tofauti amezitoa sadaka kwa wale wanne walioketi wakitazama.

#6 Nahodha wa Shela
Bi Mkadi, ahsante sana. Mimi niko Lamu na sijawahi kuingia mashindano ya fedha, lakini hoja ya yule mzee wa 9,000 naielewa kwa njia yangu. Wakati wa kusi, mlango wa kutokea kwenye mwamba ukiwa umekasirika, nahodha mwenye chombo kizima hashindani na mawimbi ili afike soko mapema, hasa akijua kuna mwenzake nyuma mwenye tanga lililochanika ambaye kwa vyovyote hatafika kabla yake. Anasubiri maji yatulie. Mzee wa 9,000 alibakiwa na madau manne na nusu tu. Mizunguko miwili hivi ingemlazimisha aweke zote kwa karata yoyote itakayomjia, na Kijana wa Barani angekuwa amekaa akinywa chai yake.

#7 Mchanga Karata
Nahodha, kwa mwendo huo samaki wako wote watauzwa Matondoni, hakuna hata mmoja atakayefika Mombasa. Mashindano hayashindwi na wanaosubiri mzee atoke. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani, aliingia mashindano makuu ya dunia ya poka kule Las Vegas kwa njia ya mchujo wa bei ndogo uliochezwa kwenye intaneti, ilhali kiingilio cha kawaida kilikuwa dola 10,000. Aliondoka na dola milioni 2.5. Angekuwa mtu wa kutupa ree na kumi za kopa kwa sababu ya zawadi ya tano, nani leo angelijua jina lake?

#8 Karani Mstaafu
Ndugu Mchanga Karata, mwaka huo waliingia watu 839, na wewe umetusimulia habari za mmoja. Wale 838 nao walikuwa na karata walizoziamini. Na kama tunatoa mifano ya mabingwa, basi mkumbuke Jack Straus, bingwa wa mashindano hayo hayo mwaka 1982, ambaye husimuliwa kwamba alibakiwa na chipu moja tu iliyojificha mezani, akaendelea nayo mpaka akashinda. Mfano huo unamfaa Nahodha kuliko wewe: chipu moja iliyobaki ina thamani kubwa kuliko inavyohesabiwa.

#9 Mchanga Karata
Hapo nakupinga, Mzee Karani. Straus hakuikalia ile chipu. Aliiweka yote, tena na tena. Mfano wako unanifaa mimi.

#10 Maalim wa Mtaa
Wanangu, mimi sitaingia katika asilimia zenu. Kamari imekatazwa wazi katika Suratul Maida, aya ya 90, na mtu aliyenyimwa usingizi na karata amekwisha kupata jibu la swali lake kabla hajaliuliza. Nasema kwa mapenzi.

#11 Kijana wa Barani
Shikamoo Maalim. Nasaha zako nimezipokea na sitabishana nazo.

#12 Mpiga Bao
Kwa heshima ya Maalim, naomba niongeze kwamba swali lenyewe linaweza kuchezwa bila senti. Pale kwetu tulikuwa tukijifunza poka kwa komwe za bao, kila mtu komwe 30, na mshindi anapata heshima tu. Nililoliona ni kwamba mchezaji mzuri wa bao huwa na shida kubwa katika poka. Kwenye bao kete zote 64 zi wazi mbele ya macho. Ukifungwa, umefungwa na akili ya mwenzako. Ndiyo maana rafiki yangu mmoja, ambaye kwenye bao hakuna aliyemweza mtaani, alikuwa akitupa karata kila aliposukumiwa, kwa sababu hakuzoea kufanya uamuzi akiwa nusu gizani. Nauliza hivi: Bi Mkadi, hizo 45 zako zinatoka wapi, ikiwa hujui bwana wa kikoi ameshika nini?

#13 Bi Mkadi
Swali zuri, na ndilo linalozidi kuniogopesha. Hiyo 45 ni ya hali ya kati. Kama bwana yule ana ree na mfalme, ree za Kijana hazimsaidii tena, anabaki na kopa tisa na nafasi yake inashuka hadi 36. Kama ana sita mbili au tatu mbili mkononi na amekwisha kuwa na tatu za aina moja, nafasi inashuka karibu na robo, kwa sababu hata kopa ikishuka mezani panaweza kujirudia karata na kumpa nyumba kamili, yaani tatu za aina moja na mbili za aina nyingine, ambayo huishinda rangi. Upande wa pili, kama naye anasubiri kopa lakini za chini, Kijana yuko mbele sana. Mimi ningeziweka hali zote hizo kwenye mizani na bado nisingeifikia 66.

#14 Hesabu Safi
Dada Bi Mkadi, nakiri kwamba niliruka hatua. Chipu si shilingi, na hesabu yako nimeirudia nikapata yale yale. Hata hivyo njia ya Malmuth ina upofu wake. Haijui kwamba madau ya lazima yanapanda, haijui nani ataketi wapi mzunguko ujao, na inawachukulia wachezaji wote sita kuwa na ustadi ule ule. Mwenye 83,000 haketi tu na thamani ya 13,800. Anakuwa yeye ndiye anayewasukuma wengine, na wengine ndio wanaokosa usingizi. Uwezo huo wa kuwatisha watu kabla ya malipo haumo katika jedwali lako. Siamini kwamba unaifuta tofauti yote kati ya 45 na 66, lakini sehemu yake unaifuta.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyelitaja. Kwa nini Kijana aligonga meza? Anayesubiri kopa na kusukuma zote kwanza ana njia mbili za kushinda: mwenzake atupe, au kopa ishuke. Anayefuata ana njia moja tu. Karata ni zile zile, chipu ni zile zile, ila aliyetangulia kusukuma amemhamishia mwenzake lile swali gumu.

#15 Nahodha wa Shela
Lakini, Hesabu Safi, yule mwenzake ana 90,000. Akifuata na kushindwa bado anabaki na 54,000 na mashindano yanaendelea. Swali gumu haliwi gumu sawasawa kwa wote wawili.

#16 Karani Mstaafu
Wakati ninyi mnabishana, mimi nashangaa kwamba watu sita wazima walifika hapo bila kuzungumza. Mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua kule Ufaransa kuhusu swali la namna hii: mchezo ukikatishwa kabla ya kwisha, dau ligawanywe vipi kwa haki? Wakajibu kwamba kila mtu apewe kwa kadiri ya nafasi yake ya kushinda kama mchezo ungeendelea, na katika barua hizo ndimo ilimoanza kukua elimu ya uwezekano ambayo Bi Mkadi ameila mshahara wake. Wale sita wangeweza kusimamisha saa, wakapunguza 2,000 kwenye zawadi ya kwanza na kumrudishia wa sita kiingilio chake. Baada ya hapo Kijana angecheza ree yake bila kutetemeka.

#17 Bi Mkadi
Angetetemeka kidogo tu, Mzee Karani. Shilingi 2,000 za wa sita hazigeuzi 66 kuwa 45. Ila nakubali kwamba ni jambo la busara, na meza nyingi hulifanya.

#18 Kijana wa Barani
Nashukuru nyote. Sasa niseme ukweli.

Nilifuata. Niliziangalia chipu zangu kwa muda, nikamtazama mzee wa 9,000 aliyekuwa akizungusha chipu moja kati ya kidole gumba na cha shahada, nikajisema kwamba sikuja kushindania shilingi 4,500. Nikazisukuma. Bwana wa kikoi akafunua mfalme wa uru na gulamu wa shupaza, yaani hali ile ile ya karata 12 aliyoitaja Hesabu Safi. Karata ya nne ilikuwa saba ya uru. Ya tano mgawaji aliiburuza juu ya kitambaa taratibu, nikaona wekundu pembeni nikasimama, kumbe ni rangi ya kucha zake. Ilikuwa malkia wa shupaza.

Nilitoka wa sita. Mzee wa 9,000 aliweka zote mara mbili baada yangu na akashinda zote mbili, akamaliza wa nne na kuchukua 6,500. Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu kwa sababu sikutaka kuzungumza na mtu wa tuktuk.

#19 Nahodha wa Shela
Pole sana, mdogo wangu.

#20 Mchanga Karata
Pole, na usijute. Zaidi ya nyakati 45 katika 100 tungekuwa tunakupongeza hapa na Bi Mkadi angekuwa kimya.

#21 Bi Mkadi
Nisingekuwa kimya. Ningesema yale yale, kwa sababu malkia wa shupaza hakuniongezea hoja na kopa isingenipunguzia. Uamuzi ulikwisha kufanyika kabla karata ya nne haijafunuliwa.

#22 Kikoi Kijani
Salaam alaykum. Jirani yangu amenitumia uzi huu. Mimi ndiye niliyekuwa na mfalme na gulamu.

Naomba kuondoa dhana moja. Mnahesabu kama kwamba nilisukuma kwa sababu ya mfalme. Sikusukuma kwa sababu hiyo. Tangu tulipobaki sita nilikuwa nimeamua kumsukumia kila aliyekuwa na chipu kati ya 30,000 na 60,000, kwa karata yoyote, maadamu yule mzee alikuwa bado ameketi na 9,000 zake. Nilijua hakuna kati yao atakayetaka kutoka kabla ya mzee. Nilikuwa nimekwisha kuchukua marundo matatu hivyo, na katika mawili sikuwa na kitu. Mara hii mfalme alijitokeza mezani tu, nami sikubadili mpango. Kijana aliponifuata nilishtuka kuliko yeye.

#23 Mpiga Bao
Basi swali langu la #12 limejibiwa na mwenyewe.

#24 Hesabu Safi
Hili linageuza meza. Kama Kikoi Kijani alikuwa anasukuma karata yoyote, basi ile 45 ilikuwa ya bahati mbaya ya mkono huo mmoja. Dhidi ya mtu asiyechagua karata, ree peke yake iko mbele mara nyingi hata kabla ya kuhesabu kopa tisa, na nafasi ya Kijana ilikuwa inapita nusu kwa mbali. Kufuata kwake kunaanza kuonekana si wazimu hata kidogo, kwa hesabu ya Bi Mkadi mwenyewe.

#25 Bi Mkadi
Kwa sharti kwamba Kijana alijua. Je, aliyaona yale marundo matatu yakichukuliwa? Na je, bwana aliwahi kufunua karata hata mara moja? Kama hakufunua, Kijana alikuwa amekaa mbele ya mtu aliyesukuma mara nne bila kuonyesha kitu, na mtu wa namna hiyo anaweza kuwa mwenye ujanja au mwenye karata nzuri.

#26 Kijana wa Barani
Niliyaona yote matatu. Hakufunua hata moja. Nilidhani ni usiku wake wa bahati. Ndugu Kikoi Kijani, sina kinyongo, ila nataka kujua mambo mawili. Ningesukuma mimi kwanza, kama alivyosema Hesabu Safi, ungefuata na mfalme wako? Na kama yule mzee angekuwa amekwisha kutoka, ungenisukumia zote?

#27 Kikoi Kijani
La kwanza nimelifikiria tangu nilisome jana, na kila nikilifikiria napata jibu jingine. Ningekuwa na mfalme wa juu mezani na chipu za kutosha kustahimili hasara, lakini wewe hukuwa umesukuma hata mara moja usiku kucha, na mtu aliyekaa kimya saa tatu akisukuma zote ghafla hunitia hofu. Karibu nusu kwa nusu, siwezi kusema zaidi.

La pili ni rahisi. Mzee angekuwa ametoka, ningegonga meza kama wewe, na tungeiona karata ya nne bure.